Mbwa Mgonjwa katika Fiqhi ya Kishafi

Katika madhehebu ya Kishafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Wamaliki humhesabu kuwa tohara, na Wahanafi huona najisi ni mate yake, si mwili. Hukumu hii ya najisi inahusu ibada ya mwanadamu: sala, nguo na vyombo vyake. Haki ya mbwa kupata maji, chakula na dawa ni suala jingine, nalo limezungumzwa katika vitabu hivyohivyo vya fiqhi.

Safinatu Najaa, kitabu kidogo cha Mhadhrami Salim bin Sumair kinachosomeshwa katika vyuo vya pwani, kinataja sababu tatu za kutayamamu, yaani kujitoharisha kwa udongo badala ya maji: kukosa maji, ugonjwa, na kuyahitaji maji kwa kiu ya mnyama ambaye uhai wake unaheshimiwa. Miongoni mwa wanyama, kinawatoa wawili tu katika heshima hiyo: nguruwe na mbwa mkali anayeuma watu. Kuhusu mbwa asiye na faida wala madhara wanazuoni walikhitilafiana, na kauli aliyoitegemea Ramli, mwanazuoni wa Kishafi, ni kwamba naye anaheshimiwa. Basi mwenye maji ya udhu tu, akamkuta mbwa huyo anahema kwa kiu, humnywesha, naye akatayamamu. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inakubaliana na hukumu hiyo: mtu aliyeteremka kisimani na kumtekea mbwa maji kwa kiatu chake alisamehewa dhambi zake.

Kufuga ni jambo jingine. Hadithi zinaeleza kuwa anayefuga mbwa pasipo haja ya kuwinda, kuchunga mifugo au kulinda shamba hupungukiwa thawabu kila siku. Nawawi na wanazuoni wengine wa Kishafi waliongeza ulinzi wa nyumba kwa kulinganisha. Hapo ndipo penye utata wa mbwa koko aliyegongwa na gari au aliyeliwa na upele: hana kazi anayoweza kuifanya. Hata hivyo, anayemchukua ili apone kisha ampeleke kwa mwenye haja naye hajakusudia kumfuga bali kumwokoa, na kuokoa kumehimizwa. Malezi ya muda yanapata nafasi yake hapo.

Je, ugonjwa ukiwa wa kudumu? Izzuddin bin Abdisalam, mwanazuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1262, alipoorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu alianza na matunzo, na akasema hayaondoki mnyama akizeeka au akiugua kiasi cha kutofaa kwa lolote. Wajibu, kwa mtazamo wake, unatokana na mnyama kuwa chini ya mkono wa mtu, wala haupimwi kwa faida. Kwa hiyo mwenye mbwa wa ulinzi aliyepofuka hana ruhusa ya kumtupa jalalani.

Kumhudumia hakuharibu ibada. Kikavu kikigusana na kikavu hakinajisiki, na kugusa najisi kwa haja, kama kufunga kidonda, kunaruhusiwa. Kilicholowa huoshwa kabla ya sala. Glavu hupunguza kazi hiyo, na chanjo ya kichaa cha mbwa humkinga mbwa na anayemlea.

Wakati wa kumkabidhi, mbwa hauzwi, kwa kuwa katika madhehebu haya si mali na thamani yake imekatazwa. Aliye naye ana haki ya kumshika tu, na haki hiyo yaweza kuhamia kwa mwingine bila kuuzwa. Kwa kuwa udanganyifu umeharamishwa, kifafa, ugonjwa wa moyo au tabia ya kung'ata havifichwi kwa matumaini ya kumpatia makao upesi. Anayepokea huku anajua ndiye atakayeweza kuubeba wajibu.

Linabaki suala la mwisho wa uhai. Mbwa mwenye kichaa huuawa kwa kuwa ni hatari. Ama mnyama asiyeliwa ambaye anateseka tu, vitabu vya Kishafi vinaharamisha kumchinja hata kwa nia ya kumpumzisha. Daktari wa mifugo anayeshauri sindano ya kumaliza mateso anagongana na kauli hiyo. Kwa anayeifuata, kinachobaki ni kumpunguzia maumivu kwa dawa na kumnywesha mpaka ajali yake ifike.