Neno la Mkubwa Mbele ya Picha

“Hiki ni nini?” Mtoto akifikishwa mbele ya picha isiyofanana na kitu akijuacho, hilo ndilo atakalouliza, na mkubwa aliyemshika mkono hujiona kama aliyeitwa barazani kutoa ushahidi. Aghalabu hujibu upesi. Husema ni ndege, ni huzuni, ni uhuru. Husema lolote alimradi asionekane hana la kusema. Nauliza kama jibu la namna hiyo ni halali.

Kwetu Ipyana, karibu na Ziwa Nyasa, kama ilivyo kwenu visiwani, mtoto hambishii mkubwa. Hupokea neno kwa mikono miwili kama apokeavyo kikombe. Ni adabu njema, wala sitaki ife. Lakini adabu hiyo humpa mkubwa mamlaka yasiyo na kizuizi ila dhamiri yake mwenyewe. Akisema uongo juu ya bei ya samaki, soko litamsuta. Akisema uongo juu ya picha, nani atamsuta? Mtoto ataliacha jicho lake na kulifuata neno la babu.

Tazama sanamu za George Lilanga, Mmakonde aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, na kufariki mwaka 2005: masikio mapana, midomo iliyobinuka, vidole vichache. Mtoto akiziona hucheka, na ana haki ya kucheka, kwani zina mzaha mwingi. Mkubwa akimwambia, “Hayo ni mashetani,” kicheko hukatika. Neno hilo si la uongo. Sanamu hizo zimetokana na mapokeo ya Kimakonde ya kuchonga mashetani. Ila limekuja mapema mno, na likishaingia halitoki.

Mwambie, kinyume chake, kwamba Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Papo hapo atasogea aone kama picha inang’aa kama baiskeli ya baba yake. Habari ya mkono na rangi humrudisha mtoto kwenye picha. Habari ya maana, ikitangulia, humwondoa.

Sisi wafasiri twalijua jaribu hili. Neno likitushinda twaandika tanbihi ndefu, na msomaji hushukuru, asijue kwamba kapewa kivuli.

Wapo watakaosema kwamba mkubwa asemaye “sijui” hujivunjia heshima. Hoja hiyo sioni haja ya kuijibu. Wapo pia watakaosema kwamba mtoto wa mashamba ya mpunga na kakao, ambaye huenda akaona maonyesho ya sanaa mara moja tu utotoni, ahitaji kuongozwa kuliko mtoto wa mjini. Hii ina uzito. Hata hivyo mtoto huyo haji na macho matupu. Amekwisha kuona vyungu vya Wakisi, vifinyangwavyo na akina mama wa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, bila gurudumu, na kuletwa kwa mitumbwi hadi soko la Matema. Amemwona mama yake akikigonga chungu kwa kidole na kusikiliza mlio kabla ya kutoa fedha. Huyo hajui kutazama?

Tena sokoni, kama katika Nafasi Art Space, kituo kilichoanzishwa mwaka 2008 Dar es Salaam, ambako makontena ya meli yamegeuzwa karakana za wasanii, aliyekitengeneza kitu aweza kuwa karibu nacho. Swali la mtoto laweza kwenda kwa mwenyewe, na babu akapumzika.

Jumamosi moja huko Matema mjukuu wangu wa miaka sita alimwuliza mfinyanzi kwa nini nakshi za chungu zimeishia katikati, hazikufika chini.

“Chini kutashika masizi, mwanangu,” akajibu yule mama. “Nakshi hazitaonekana.”

Mtoto akakizungusha chungu, akafikiri.

“Kwani bibi, masizi nayo si rangi?”

Yule mama akacheka, akamwita jirani yake aje alisikie swali hilo.