Nguo ya Kijana na Shamba la Babu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kizazi baada ya kizazi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo, imetufikia katika darsa yetu barua ya kijana wa miaka kumi na sita, mtoto wa Kiislamu, mkazi wa Majengo ya Nyeri, ambaye ana jamaa zake huku Mombasa na hushuka pwani wakati wa likizo. Aliyoyaandika yamewaudhi baadhi ya wenzetu, wakasema kwamba mtoto huyu amekosa adabu. Sisi twaona kwamba ameuliza, na mwenye kuuliza haki yake ni kujibiwa.

Kijana huyu aeleza siku yake ilivyo. Huamka alfajiri kwenye baridi ya Nyeri, akapanga foleni ya maji, akapanga foleni ya choo, akapanga foleni ya matatu. Chumba kimoja hulala watano. Babu yake mzaa baba alikuwa na shamba upande wa Tetu. Likagawanywa kwa wanawe, nao wakawagawia wao, hata fungu la baba yake likawa halitoshi kujengea nyumba na kupanda viazi pamoja. Kisha asema kuwa kila ajapo pwani, wazee humtazama nywele na suruali, wakamwambia kizazi chenu kimeharibika. Naye auliza: ni nani aliyeiharibu dunia, aliyeibana suruali au aliyeijaza nyumba?

Swali hili lina mambo mawili yaliyofungwa pamoja, wingi wa watu na mitindo ya vijana. Tutayafungua moja moja.

Juu ya wingi wa watu, kijana hakusema uongo. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 iliwakuta watu wa Kenya kiasi cha milioni 5.4. Hesabu ya mwaka 2019 iliwakuta milioni 47.6. Katika miaka 71 watu wamekuwa karibu mara 9, na ardhi haikuongezeka hata shubiri. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilipatikana kwamba mwanamke wa Kenya, kwa wastani, huzaa watoto wapatao 8. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 3.4. Na huko Nyeri kwenyewe uzazi ulipungua mapema zaidi, kwani uchunguzi wa mwaka 2014 ulipata 2.7 tu. Basi msongamano anaouona kijana haukuletwa na mama zake wa leo. Ni matunda ya jana yaliyoiva leo.

Lakini hesabu peke yake haisemi haki yote. Tangu miaka ya 1950 vipande vya ardhi ya Nyeri vilikusanywa, vikapimwa, na wenyewe wakapewa hati. Aliyekosa siku ile alikosa, na watoto wake wakakosa pamoja naye. Na mtu akipanda gari kutoka Nyeri kwenda Nanyuki, kisha akaendelea kuingia Laikipia, ataona mashamba ya mifugo yaliyo makubwa mno, yenye mwenyewe mmoja au kampuni moja, na nje ya ua wake watu wamebanana. Mbele ya sura hiyo si haki kusema tu kwamba watu wamezidi. Pengine watu wamezidi, na pengine mgao umepunguka, na mara nyingi ni yote mawili. Sisi wa mwambao twalijua jambo hili vyema, kwani wangapi miongoni mwetu wanakaa juu ya ardhi ambayo babu zao walizaliwa juu yake na hati yake iko mkononi mwa mtu mwingine?

Wapo wanaotaka kulifunga swali hili kwa aya moja. Husema kuwa Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Israa, aya ya 31, amekataza kuwaua watoto kwa kuogopa ufukara, na ameahidi kuwaruzuku wao na wazazi wao. Basi yaliyobaki ni kuzaa na kutegemea. Aya ni haki, na ahadi ni haki. Lakini aya imekataza kumuua mtoto aliyekwisha kuumbwa. Haikumwondolea baba jukumu la kufikiri. Masahaba, kama alivyopokea Jabir katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, walikuwa wakifanya azili, na Kurani ikiteremka. Na Imamu Ghazali, katika Ihya, aliihalalisha, na miongoni mwa sababu alizozikubali ni mtu kuogopa mashaka yatokanayo na wingi wa watoto. Mtume (s.a.w.) naye alimfahamisha Saad bin Abi Waqqas kwamba kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Anayeyatia mizanini maneno haya yote pamoja ataona kwamba wingi wa watoto kwa nafsi yake si fadhila wala si dhambi. Mtoto ni amana, na amana huulizwa ilivyotunzwa kabla haijaulizwa ilikuwa ngapi.

Hapa tuna neno la kumwambia kijana wetu, na tunataka alisikie vizuri. Katika barua yake amesema kwamba yeye ni wa tano kati ya ndugu saba. Je, lau baba yake angalizuiliwa kwenye wanne, barua hii ingaliandikwa na nani? Neno hili "watu wamezidi" lina hila ndani yake, kwani alisemaye hajihesabu. Tajiri asemapo watu wamezidi, huwakusudia maskini. Mwenyeji asemapo, huwakusudia wageni. Mzee asemapo, huwakusudia vijana, na kijana hulisema akawakusudia wadogo zake. Hakuna binadamu aliyezaliwa akiwa ziada. Yafaa mtu na mkewe washauriane kabla, kwa kuangalia afya ya mama, na chakula, na elimu watakayoweza kuitoa. Lakini mtoto akishafika, amefika kama mgeni wa Mwenyezi Mungu, wala haifai kuambiwa, kwa ulimi au kwa jicho, kwamba amewabania wenzake nafasi.

Sasa tuje kwenye mitindo. Wazee wetu wamezoea kudhani kwamba walivyovaa wao ndivyo dini ilivyovaa. Na watazame nyuma kidogo. Buibui, ambalo leo twaliona kuwa ndilo vazi la asili la mwanamke wa pwani, bibi zetu wa karne ya kumi na tisa hawakuzaliwa nalo. Mombasa walitoka na shiraa. Kanga nayo ilizuka mwishoni mwa karne hiyo. Na tarbushi je? Mwaka 1829 Sultani Mahmud wa Pili alipoliamrisha kwa watumishi wa dola yake mahali pa kilemba, walikuwapo waliolichukia kama uzushi. Mwaka 1925 serikali ya Uturuki ilipolikataza na kuamrisha kofia za Kizungu, watu waliliteta kana kwamba limeshuka na wahyi. Chini ya miaka mia moja, kile alichokichukia babu kilikuwa ndicho anachokifia mjukuu.

Na huko huko Nyeri pana mfano mkubwa zaidi. Bibi Muthoni wa Kirima, aliyepigana katika msitu wa Nyandarua zama za Mau Mau, alizifuga nywele zake za rasta tangu miaka ya 1950, wala hakuzikata mpaka mwaka 2022, alipokatwa na Mama Ngina Kenyatta. Naye akafariki mwaka 2023. Kwa muda wa miaka 70 nywele zile zilikuwa ahadi juu ya kichwa cha mtu. Leo kijana wa stendi ya Nyeri azisokota nywele zake vilevile, na pengine hana ahadi yoyote, ameona tu wenziwe wakifanya. Nywele ni zile zile kwa macho, lakini kwa maana ni mbalimbali kama mbingu na ardhi. Mwenye kuhukumu kwa jicho peke yake atawakosea wote wawili.

Basi mizani ni ipi? Mtume (s.a.w.) alivaa juba la Sham lenye mikono ya kubana, na Sham siku zile ilikuwa nchi ya Warumi, hakulikataa kwa sababu ya mfumaji wake. Na Abubakar alipomlalamikia kwamba nguo yake humteleza na kuburura, alimwambia kuwa yeye si katika wale wafanyao hivyo kwa kiburi. Yaliyotakiwa ni kusitiri mwili, kujiepusha na kiburi na israfu, na kutojifananisha na watu katika alama za dini zao. Nguo iliyopita katika milango hii ni nguo ya Muislamu, ikiwa imeshonwa Lamu au imenunuliwa katika mitumba ya Karatina.

Lakini kijana naye asishangilie upesi, kwani mizani hii ina ncha ya pili. Suruali ibanayo hata ikachora mwili haijasitiri. Na yule ambaye mama yake huuza mboga sokoni tangu alfajiri, naye amlazimisha anunue viatu vya bei ya karo ya muhula, kwa kuwa rafiki zake wanavyo, amekwisha kuangukia katika israfu na katika vazi la kutafuta kuonekana, ambalo Mtume (s.a.w.) alilikemea. Alalamikaye kuwa wazazi hawakufikiri wakati wa kuzaa, na yeye afikiri wakati wa kutumia.

Tukiyakusanya haya, twaona kwamba ugomvi huu chini yake si wa nywele wala wa idadi. Ni ugomvi wa makabidhiano. Wakikuyu wa zamani walikuwa na ada waliyoiita ituika, ambayo kwayo kizazi kilichotawala kilikabidhi madaraka kwa kizazi kilichofuata, kwa sherehe na kwa mbuzi wa kulipwa, na vizazi hivyo vikipokezana majina ya Mwangi na Maina. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliizuia. Sisi hatuchukui dini katika ada za watu, lakini hekima twaiokota tunapoiona. Watu wale walifahamu kwamba mzee hatawali milele, na kwamba kijana hapokei bure. Na sisi je, twakabidhi nini, na lini? Kamati nyingi za misikiti yetu hazina hata kijana mmoja. Kijana ambaye hakukabidhiwa kitu, mwili wake ndio mali pekee aliyo nayo, naye huupamba.

Kwa hiyo twawausia mambo matatu. Mzee, kabla ya kumwambia kijana neno juu ya nguo yake, amuulize kwanza amekula nini na asoma wapi. Kijana, kabla ya kuwahukumu waliomtangulia, aanze kutengeneza kitakachowafaa watakaomfuata; Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, alipoiona ardhi imechoka hakukaa kuwatukana waliozaliwa juu yake, bali mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na akina mama. Na Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha kutufunza kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Na la tatu, misikiti yetu, ya pwani na ya bara, iwape vijana kiti katika shauri, si mkeka wa nyuma peke yake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awaongoze watakaotufuata, na atupanulie vifua pale ardhi inapotubana. Amin.