Deni la Mlaji kwa Mkulima Mpya

Katika mtaa wa Pipeline, upande wa mashariki wa Nairobi, majumba ya ghorofa saba na nane yamesongamana hata jua hufika kwa taabu chini ya vichochoro. Ardhi ya kulima hakuna. Lakini kila jioni vibanda hujaa sukuma wiki, nyanya na vitunguu. Maelfu hununua wakala, na wachache huukumbuka mkono uliopanda. Mlaji husema, "Nimelipa, sidaiwi." Je, kweli hadaiwi?

Fedha hulipa mboga ya leo. Mboga ya kesho yamtegemea kijana atakayelipokea jembe mkono wa mzee unapochoka. Kijana huyo huanza katika unyonge. Hajaujua udongo wake, hana akiba ya kungojea mavuno, wala hana mnunuzi amwaminiye. Ukame wa msimu mmoja waweza kumrudisha mjini mikono mitupu, na jirani zake wakamwita mvivu.

Wengi hudhani kuwa akipewa ardhi amepewa yote. Historia ya Kenya yatuonya. Tangu mwaka 1962, mpango wa makazi ulioitwa wa Eka Milioni Moja uliwapa makumi ya maelfu ya jamaa mashamba yaliyokuwa ya walowezi. Ardhi ilikuja na mkopo. Wako waliostawi, lakini wengi walishindwa kulipa kwa wakati, na miongoni mwa sababu ni uhaba wa ujuzi na mtaji.

Tutazame sasa mfano wa chai. Mwaka 1964 iliundwa Halmashauri ya Ustawi wa Chai ya Kenya kwa ajili ya wakulima wadogo. Chai ni zao gumu kwa mtu aliye peke yake. Mche hungojewa miaka kadhaa kabla ya kuchumwa, na jani likisha kuchumwa sharti lifike kiwandani upesi, la sivyo huharibika. Kwa hiyo mkulima alipata miche, akafundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi, akaunganishwa na wenzake kwa vituo vya kukusanyia majani, barabara na viwanda. Gharama zilikatwa katika malipo ya majani yake mwenyewe. Malalamiko juu ya malipo hayakukosekana, kwani chama hakiendi vema wenye chama wakilala. Walakini leo wakulima wadogo hutoa zaidi ya nusu ya chai ya Kenya.

Wako wasemao kuwa msaada huzaa uvivu. Hofu yao si ya kudharauliwa. Msaada umbebao mtu mgongoni humnyima nguvu za miguu. Lakini mkulima wa chai hakubebwa: alilima, alichuma na alilipa. Sadaka huishia kinywani; msaada wa kweli huishia mkononi, ukawa kazi. Mafunzo bila nyenzo ni njaa yenye elimu. Nyenzo bila mafunzo ni hasara. Na vyote viwili bila wenzi ni mavuno yanayoozea njiani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi kijana wa Pipeline aweza kufanya nini, naye hana hata kitalu? Aweza kulishika somo la kilimo kwa bidii ile ile ashikayo hesabu. Aweza kujizuia kumcheka nduguye anayerudi shambani. Wazazi wake, wanaoweka akiba katika vyama vyao, waweza kumkopesha ndugu huyo mbegu na mbolea, wakangoja msimu zaidi ya mmoja bila kumvunja moyo, kisha wakanunua mavuno yake kwa bei ya haki. Haya si makubwa kwa mtu mmoja mmoja, lakini kwa mtaa mzima ni mengi. Anayekula kila siku asidhani kuwa yu nje ya shamba. Yumo ndani yake, na kuanguka kwa mkulima mpya ni kupungua kwa chakula chake mwenyewe.