Safari ya Mwenye Kidogo

Watu wengi hudhani kuwa safari ni anasa ya matajiri. Husema kuwa mwenye fedha hutembea, na mkata hukaa kwao akasikiliza habari za waliotembea. Fikira hii si kweli. Katika nchi zetu walio wengi barabarani ni watu wa fedha chache: mwanafunzi arudiye shuleni na sanduku lake, mkulima aendaye sokoni, kibarua atafutaye kazi, mzazi aendaye kumtazama mgonjwa, na kijana aliyejiwekea akiba kidogo kidogo ili aione nchi yake. Haja ya kusafiri haikuumbwa kwa ajili ya tajiri peke yake. Lakini safari ya mwenye kidogo huleta swali moja zito. Kila safari ina gharama yake kamili. Msafiri asipoweza kuilipa yote, ni nani alipaye sehemu iliyobaki?

Swali hili lafaa kutazamwe mahali panapojulikana, maana mafundisho ya wema yasiyo na mahali ni mbegu isiyo na shamba. Natutazame Nakuru na sehemu ya kati ya Bonde la Ufa. Barabara itokayo Nairobi hushuka ukingo wa bonde, hupita karibu na Mlima Longonot wenye kimo cha mita 2,776, hufika Naivasha na Gilgil, huliacha Ziwa Elementaita upande mmoja, kisha huingia Nakuru, mji uliokaa baina ya shimo kubwa la volkano la Menengai na ziwa lenye jina la mji. Kutoka hapo njia moja huelekea kaskazini, hukata mstari wa Ikweta karibu na Mogotio, na kuteremkia joto la Marigat na Baringo. Nyingine hupanda magharibi kwenda Molo na Timboroa, ambako mtu aliyesoma kitabuni kuwa nchi za Ikweta ni za joto hushangaa kujiona akitetemeka na kutafuta koti.

Watu wa bonde hili ni wengi kama hali zake za hewa. Wamaasai walichunga hapa kabla ya mapatano ya mwaka 1904, ambayo yaliwahamisha kutoka sehemu hizi ili ardhi ipewe walowezi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilileta mafundi na wachuuzi wa Kihindi. Mashamba ya walowezi yalivuta vibarua Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo, Wakisii na wengine. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu wa makabila mengi walipata au walinunua mashamba hapa. Nakuru ulipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ulikuwa umekwisha kuwa mkutano wa mataifa mengi kwa zaidi ya miaka mia.

Katika nchi ya namna hii mwenye kidogo ana faida ambayo tajiri hanayo. Tajiri hupita na vioo vya gari vimefungwa. Hulala penye ukuta, hula penye orodha ya vyakula, na wale anaowaona ni wale waliolipwa ili waonane naye. Mwenye kidogo hukaa ndani ya matatu, bega kwa bega na mtu asiyemjua, na kuku wa mtu mwingine miguuni pake. Hunywa chai juu ya benchi moja na fundi wa baiskeli. Kwa kuwa hana mtu wa kumwongoza, yampasa kuuliza njia, na aulizaye hana budi kuamkia kwanza. Hivyo hujifunza kusema Chamgei kwa Mkalenjin, Sopa kwa Mmaasai, na Mulembe kwa Mluhya. Na pale maamkizi hayo yanapomwishia, Kiswahili humbeba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekiita Kiswahili lugha ya taifa, lakini masokoni kilikuwa kimefanya kazi hiyo zamani, bila kungoja karatasi.

Faida hiyo ni ya kweli, lakini tusiisifu kupita kiasi. Uhaba wa fedha peke yake haumfundishi mtu utu. Mwenye njaa aweza kupita katika nchi nzima asione kitu ila chakula. Na mwenye kuhesabu kila senti aweza kumtazama kila mtu kama mlango wa kupunguzia gharama. Nami niliwahi kuona jambo lililonionyesha mpaka ulipo.

Ilikuwa alasiri, karibu na Mau Summit, na mawingu ya mvua yalikuwa yametanda. Gari letu lilisimama kando ya barabara, mahali ambapo kina mama huuza viazi na karoti. Kijana mmoja, msafiri aliyekuwa ametuambia tangu Eldoret jinsi anavyozunguka nchi kwa fedha kidogo, alishuka akauliza bei ya ndoo ya viazi. Mama alitaja bei. Kijana akataja nusu yake. Mama akapunguza kidogo. Kijana akatikisa kichwa, akaonyesha mawingu kwa kidole, akafanya kama anayerudi garini. Matone ya kwanza yakaanguka. Mama akatazama viazi vyake, akatazama barabara tupu, akakubali. Kijana aliingia akicheka, akatueleza ushindi wake. Mzee aliyekuwa ameketi nyuma yake akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, na ile nusu nyingine, amelipa nani?" Kijana alijibu, "Hakuna aliyelipa, mzee. Imepungua tu." Mzee akasema, "Haipungui, mwanangu. Imehama tu."

Maneno yale ni machache, lakini yamebeba hukumu nzima. Kiazi kilikuwa na gharama yake kabla kijana hajakiona: mbegu, mbolea, palizi, na mgongo ulioinama. Kupatana bei si kosa; ni desturi ya masoko yetu, na ina adabu yake, maana muuzaji huanza juu akijua kuwa mnunuzi ataanza chini, nao hukutana mahali panapowafaa wote wawili. Lakini kijana yule hakupatana na mama. Aliiita mvua isimame upande wake. Alitumia shida ya mwenzake kama mizani, na mizani ya namna hiyo haipimi haki.

Serikali pia imekwisha kuliona jambo hili. Kwa miaka mingi wakulima wa viazi walilazimishwa kuuza kwa gunia la lumbesa, yaani gunia lililoongezwa kilemba juu, likachukua mzigo mkubwa zaidi kwa bei ya gunia moja. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi. Kanuni hiyo imesema kwa lugha ya sheria lile alilolisema mzee: unafuu wa mnunuzi usio na kipimo ni hasara iliyofichwa katika shamba la mtu mwingine.

Basi hapa yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo kwa mbali hufanana, uwekevu na ubahili. Mwekevu hupunguza katika tumbo lake mwenyewe. Bahili hupunguza katika tumbo la mwenzake. Mtu akisafiri kwa basi la usiku ili asilipe malazi, akala mihogo mahali pa nyama, au akatembea kwa miguu mwendo wa saa moja, yeye ni mwekevu, na heshima yake haipungui kwa vumbi la viatu. Lakini akimficha kondakta nauli kwa kujifanya amelala, hajaokoa kitu. Mara nyingi kondakta na dereva hupatana na mwenye gari kumpelekea kiasi maalumu kila jioni, na kinachobaki ndicho riziki yao. Nauli iliyofichwa haitoki katika mfuko wa tajiri mwenye gari. Hutoka katika unga wa watoto wa kondakta.

Haki hii ina pande mbili. Mwenyeji naye ana wajibu. Yuko mwuzaji ambaye husikia lafudhi ya mgeni, akapandisha bei papo hapo. Yuko kondakta apandishaye nauli shule zinapofungwa, kwa kuwa ajua mwanafunzi hana njia nyingine ya kufika kwao. Hao nao wameiita mvua isimame upande wao. Bei ifuatayo kabila, lafudhi au shida ya mtu ni dhuluma, iwe imetozwa na mwenyeji au na mgeni. Tajiri aliyetozwa zaidi hupata hasira. Maskini aliyetozwa zaidi hukosa chakula cha jioni. Kwa hiyo mwenyeji mwenye haki humwangalia mgeni mwenye kidogo kwa jicho la uangalifu zaidi.

Baadhi ya gharama za safari hazilipwi kwa fedha kabisa. Hulipwa kwa ukarimu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani yetu karibu na mwaka 1331, ameeleza kuwa chombo kilipofika Mogadishu vijana walikiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula, wakawapa wafanyabiashara waliomo, na kila kijana akasema kuwa huyu ni mgeni wake. Ukarimu ule haukuwa wa bure, kwa kuwa mwenyeji ndiye aliyemsimamia mgeni katika kuuza na kununua, na wote wawili walifaidika. Wazee wetu waliliweka jambo hilo katika methali mbili. Moja husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyeshika ya kwanza akaisahau ya pili atakuwa mzigo; aliyeshika ya pili akaisahau ya kwanza atakuwa na nyumba isiyo na wageni. Asiye na fedha bado ana mikono, ana habari, ana shukrani. Aweza kuteka maji, kukama ng'ombe, kumsomesha mtoto wa nyumba hesabu. Kibuyu cha mursik apewacho mgeni katika nyumba ya Mkalenjin si njia ya kupunguza gharama za safari. Ni heshima, na heshima hulipwa kwa heshima.

Liko deni jingine, nalo katika Bonde la Ufa ni kubwa kuliko yote. Ni deni la ulimi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ghasia zilizuka nchini, na Januari 2008 zilifika Nakuru na Naivasha. Kabla ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008 zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekufa katika Kenya, na mamia ya maelfu walikuwa wamekimbia nyumba zao. Katika siku zile neno mgeni, ambalo methali zetu zimelifunika kwa baraka, liligeuzwa silaha. Mtu aliyezaliwa mahali aliambiwa kuwa ni mgeni pale, na aliyekuwa jirani wa miaka thelathini aliulizwa kwao ni wapi. Ghasia za namna ile hazianzi kwa panga. Huanza kwa maneno madogo ya kila siku: watu hawa ni wezi, wale ni wavivu, hao hawaaminiki. Na wengi wa wasemao hivyo hutaja safari zao kuwa ushahidi. Kondakta mmoja amemdanganya Gilgil, naye amerudi kwao na hukumu ya kabila zima.

Msafiri aliyelishwa, akaonyeshwa njia, akapishwa mahali pa kulala, ana deni la kuwasema wenyeji wake kwa kweli. Hatakiwi kuwasifu kwa uongo. Atakiwa kumtaja mwovu kama mtu mmoja mwenye uovu wake, na kuwakumbuka wema waliokuwa barabara ile ile. Deni hili halihitaji hata senti, na ndiyo maana hakuna awezaye kusema kuwa umaskini umemzuia kulilipa.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa maskini atalipa bei ya haki kwa kila kitu, je, si atakaa nyumbani maisha yake yote? Swali ni zuri, na jibu lake ni kuwa aifupishe safari, asiufupishe ujira wa watu. Mwenye nauli ya kufika Naivasha tu, na aende Naivasha. Mwanafunzi wa Nakuru ambaye hajapanda Menengai wala kuona Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimba mabaki ya watu wa kale mwaka 1937, ana nchi kubwa ya kuitembelea kabla ya kwenda mbali. Anayekwenda karibu kwa haki hujua mengi kuliko anayekwenda mbali kwa dhuluma, kwa sababu wa kwanza aweza kurudi kwa njia ile ile bila kuinamisha uso.

Kijana, siku itakuja ambapo utashika njia ukiwa na fedha chache na hamu nyingi. Usione haya kwa uchache wa fedha. Uliza bei, patana kwa adabu, na panapokushinda uwe na moyo wa kusema kuwa huwezi, upite. Ukipewa bila kulipa, jua kuwa yuko aliyelipa kwa ajili yako, umtafute kwa macho yako na umshukuru kwa jina lake. Nchi yenye makabila mengi haiunganishwi na barabara peke yake. Huunganishwa na watu waliopita juu ya barabara hizo wasiache nyuma yao mtu aliyepunjwa.