Mlakasa na Njia ya Panya





Ndugu zangu katika imani, mimi ni mtoto wa pwani ninayesoma huku kati ya Busia na Tororo. Kwetu, pale wimbi linapoishia, mchanga umefunikwa na mlakasa: mmea utambaao, jani lake limepasuka kama kwato la mbuzi, ua lake la zambarau hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Hupigwa na chumvi usiku na mchana. Jani ni nene, latunza maji yake. Na kila fundo la shina likigusa mchanga hutoa mzizi. Upepo ukilifukia, ndipo linaposhika zaidi. Juzi mama amenieleza kwa simu kuwa watu waling'oa mlakasa ili ufuo upendeze, na sasa bahari imekula mchanga hadi mizizi ya minazi iko nje.

Katika Surat Al-Furqan, aya ya 53, Mwenyezi Mungu anataja bahari mbili, tamu na ya chumvi, na kizuizi alichokiweka baina yao. Msije mkanilisha maneno: mpaka huu sio ule. Huu umewekwa na wanadamu, na Wasamia wana ndugu pande zote mbili. Lakini nimeingia Uganda kwa kibali cha mwanafunzi. Hiyo ni ahadi, na Al-Maida inaanza kwa kutuamrisha tutimize ahadi.

Muhula uliopita nilikuwa na deni la ada. Kijana mmoja wa bodaboda akaniomba nimvushie katoni usiku, kwa njia ya panya. Akasema, "Ustadhi, wewe na kanzu hiyo hawakupekui." Nilivusha mara mbili. Sikupekuliwa. Alfajiri nilisimama safu ya mbele, pesa zikiwa mfukoni.

Sikuanguka kwa wimbi kubwa, ndugu zangu. Kwanza niliacha witri, kisha darsa la Alhamisi, kisha nikawa naswali Isha peke yangu chumbani. Fundo baada ya fundo nilijing'oa mwenyewe.

Mara ya tatu nilikataa. Imamu ameniambia pesa zile nizitoe kwa wahitaji bila kutarajia thawabu. Zilikwisha kwenda kwenye ada, basi natoa kidogo kidogo. Yule kijana tunapishana bado mjini Busia. Huniita ustadhi, nami huitika.