Mwenye Kuuza Silaha na Daftari Lake

Mhunzi wa kijiji hufua mapanga na mikuki. Kazi yake ni njema, maana pasipo panga hakuna shamba, na pasipo mkuki nguruwe wa mwitu humaliza mihogo. Siku moja jirani amjia usiku, amejaa hasira, kwa kuwa amegombana na nduguye juu ya mpaka wa shamba. Ataka mkuki upesi, na fedha anayo mkononi. Mhunzi ampa, apokea fedha, kisha aandika katika daftari: mkuki mmoja, jina la mnunuzi, bei, siku. Kulipokucha ndugu wa yule mtu ameuawa. Wazee wakimwita mhunzi, ajibu: «Mimi sikuua. Tena sikuficha neno, yote yameandikwa.» Je, daftari lamtoa hatiani?

Swali hili lazihusu pia serikali zinazouza silaha katika nchi za wengine na kuandika hesabu yake. Watu wa Kasongo na Kabambare wana sababu ya kulifikiri kuliko wengine.

Zamani za Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, bunduki na baruti zililetwa kutoka Unguja. Misafara ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa la Tanganyika, ikafuata njia ya Kabambare hata Kasongo. Ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Mwezi wa Julai 1871 watu wa wafanya biashara hao walipiga bunduki katikati ya soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Waarabu wenyewe walikadiria kwamba waliokufa, kwa risasi na kwa maji, walikuwa kati ya 330 na 400. Wakati ule serikali hazikuwa na mapatano ya kuambiana silaha zinakwenda wapi.

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alihubiri juu ya mateso ya watumwa katika miji ya Paris, London na Bruxelles. Mataifa yakakutana, na tarehe 2 Julai 1890 yakatia sahihi mapatano ya Bruxelles. Humo iliamriwa kwamba katika sehemu kubwa ya Afrika silaha za namna mpya zisiingizwe ila kwa idhini. Ziwekwe katika ghala chini ya ulinzi wa serikali. Zinapotolewa kwa mtu ziandikwe na kutiwa alama. Tena serikali ziambiane idhini zilizotolewa. Amri hiyo ilikuwa njema. Lakini iliacha mlango mmoja wazi: serikali iliweza kuwaletea askari wake silaha.

Mlango huo ulipitwa. Askari wa Dola ya Kongo ya mfalme Léopold II walitwaa Kasongo mwezi wa Aprili 1893, na Kabambare mwaka 1894. Biashara ya watumwa ya misafara ikavunjika, lakini katika sehemu nyingi za Kongo watu walilazimishwa kwa bunduki kutafuta mpira msituni.

Ni nani aliyelifunua jambo hilo Ulaya? Mmoja wao alikuwa karani. Edmund Dene Morel aliitumikia kampuni ya meli ya Liverpool, na kazi yake ilimpeleka Anvers, mahali meli za Kongo zilipopakia. Mwishoni mwa karne ya 19 akasoma hesabu za shehena. Meli zilirudi na mpira na pembe nyingi. Zilipokwenda zilichukua bunduki na risasi, na bidhaa za kununulia kidogo tu. Tena hesabu zilizotangazwa kwa watu hazikupatana na shehena yenyewe. Morel akajiuliza: wenye mpira walilipwa kwa kitu gani? Akaona kwamba hawakulipwa, walilazimishwa. Mwaka 1901 akaiacha kazi ile, akaandika na kusema wazi. Wengine wakashuhudia pamoja naye, hata mwaka 1908 Léopold akanyang'anywa Kongo, ikawa chini ya serikali ya Ubelgiji.

Hapa lipo fundisho. Makarani wengine waliziona karatasi zile zile, wakajumlisha, wakafunga daftari. Morel aliuliza nyuma ya hesabu yuko mtu gani.

Siku hizi madaftari yamezidi. Tangu mwaka 1991 Umoja wa Mataifa unayo orodha ambamo serikali huandika silaha kubwa zilizouzwa na kununuliwa. Mapatano juu ya biashara ya silaha, yaliyoanza kutumika mwaka 2014, yazitaka nchi zilizoyakubali kutunza hesabu walau miaka 10 na kutoa taarifa kila mwaka. Tena yazikataza kutoa silaha zikijua zitatumika kuua raia. Lakini nchi nyingine huchelewa, na nyingine hutoa taarifa isiyosomwa na watu wote. Juu ya Kongo lilitiwa katazo la silaha mwaka 2003, na wachunguzi husoma namba za bunduki zilizokamatwa ili kumtafuta mwuzaji. Hata hivyo, huko Salamabila katika Kabambare watu wamekimbia nyumba zao kwa hofu ya wenye bunduki.

Basi jibu ni hili. Mwenye kutoa silaha ana wajibu tatu. Kwanza, kabla ya kutoa, aulize: huyu aitakia nini? Akijua itaua wasio na kosa, asitoe, hata fedha ikiwa nyingi. Pili, akitoa, aandike kweli, maana kuficha ni kusema uongo na kuwafungia wengine njia ya kuuliza. Tatu, akisikia silaha imetumika vibaya, asiendelee kutoa. Anayetimiza wajibu wa pili peke yake hajatimiza haki.

Mhunzi hakutolewa hatiani na daftari lake, kwa sababu aliiona hasira ya jirani kabla hajaupokea ule mkono wa fedha. Lakini kama asingaliandika, wazee wasingalijua mlango wa kubisha. Kwa hiyo daftari lisidharauliwe, wala lisigeuzwe kuwa maji ya kunawia mikono.