Kikomo cha Zana: Aristotle na Mashine ya Kupiga Makasia
Katika kitabu cha kwanza cha *Siasa*, mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle anashikilia kwamba hakuna sanaa ambayo zana zake hazina kikomo, iwe kwa wingi au kwa ukubwa, kwa kuwa zana hupimwa kwa lengo lake. Na kipimo hicho kinamhusu kila anayenunua mashine ya kupiga makasia ya nyumbani. Mashine ya hewa, yaani ile ambayo gurudumu lake lenye mapanga husukuma hewa, huongeza ukinzani kadiri mtu anavyovuta kwa nguvu, hivyo mzigo hutoka kwake mwenyewe. Ile ya sumaku hutoa kelele kidogo zaidi, na kwa anayeishi ghorofani juu ya majirani waliolala, utulivu huo ni suala la haki kabla ya kuwa la starehe. Mkeka wa mpira unaopunguza mtikisiko na mto wa kiti unaokinga makalio vinatumikia lengo la mazoezi, ilhali skrini kubwa ya burudani mara nyingi hulificha. Mwanafalsafa Mroma Seneca, katika barua ya 15 kwa rafiki yake Lucilius, alipendekeza mazoezi rahisi na mafupi yanayouchosha mwili upesi ili muda ubakie kwa ajili ya akili, hoja inayostahili kutangulia swali la bei.